Kiboko Ahukumu Machela

Hapo kale, wanangu, enzi ambazo wanyama walijenga, walipika na kusali kama sisi, mvua iligoma miaka miwili. Likabaki bwawa moja tu, na ndani yake alikaa Bwana Kiboko na tumbo lake. Akawakataza wote kunywa humo. Mama Swala alikuja mara tatu kumwombea maji mwanawe, aliyekuwa hawezi tena kusimama. Mara tatu Kiboko alifunua kinywa chake, na mama akakimbia.

Basi Pimbi, yule mdogo asiyefika hata gotini pa swala, akasokota kamba za katani siku saba, akasuka machela. Akaifunga kati ya mikuyu miwili, juu ya korongo kavu, hatua chache kutoka bwawani.

Desturi ya nchi ile, kitu kipya hakikutumika mpaka mkubwa wa mahali akijaribu kwa mwili wake na kukitolea hukumu. Kiboko aliipenda sana kazi hiyo. Chungu kipya alikikalia, mkeka mpya aliuchana, kisha akasema havifai.

"Shikamoo, mzee," akasema Pimbi. "Nimeleta kazi ya mikono yangu uihukumu."

"Marahaba. Inafanya nini?"

Pimbi akaeleza kwamba safarini ni kitanda, mgonjwa akizidiwa hubebwa humo, mizigo hufungwa humo, na jua likiwaka hutandazwa ikawa kivuli. Kisha akainamisha kichwa. "Ila wanasema itakushinda wewe, mzee. Wanasema tumwite Kifaru."

"Kifaru anajua nini?"

Akatoka majini, chubwi, akapanda ukingoni, akajitupa chali ndani ya machela. Kamba zikalia kwii, kwii. Zikashika.

Machela ikamkumbatia kila upande, miguu minne ikaelekea mbinguni. Mwanzo alifurahia upepo. Kisha jua likapanda, na ngozi ya kiboko, wanangu, haivumilii jua. Akajaribu kugeuka, machela ikageuka naye. Akapiga teke, akapiga hewa.

Ndipo akasikia: glu, glu, glu.

"Nani anakunywa?"

"Wote, mzee," akajibu Pimbi. "Wewe endelea kuhukumu."

Adhuhuri ngozi ikaanza kupasuka. Akatafuta moyoni wa kumwita. Kila jina lililomjia lilikuwa la mtu ambaye yeye mwenyewe alimfukuza. Akataka kumwomba Mungu, akashindwa, maana alijua alichokifanya.

Akasikia kwato nyepesi zikipita.

"Mama Swala," akaita kwa sauti ndogo, "mwanao amekunywa?"

Kwato zikasimama.

"Alikufa alfajiri," akasema Mama Swala. "Nimekuja kunywa mimi."

 Kiboko alitazama mbingu, maana hakuwa na kingine cha kutazama, na machozi yakamwingia masikioni.

Jua lilipoinama, Pimbi akapanda mkuyu. Meno yake yalikuwa tayari kwenye kamba. "Hukumu, mzee."

"Inalaza," akasema Kiboko. "Inabeba." Akageuza macho kwa Pimbi. "Lakini asiye na mwenzake wa kumshusha asipande."

Kamba ikakatwa, kru, kru, akaanguka puu korongoni. Akajikokota hadi bwawani. Lilikuwa limebaki tope, lenye alama za kwato za nchi nzima. Akalala humo, na hakuna aliyemkaribia.

Nami nimewahi kumfungia jirani mlango, Mungu anisamehe, basi nawaambia: anayewanyima wenzake maji huwafukuza wale wale ambao kesho angewaita.