Kambare Aliyetubu Mdomo Tu

Paliondokea ukame usio na haya. Ulianza kwa kunywa vijito, ukahamia mito, na ulipofika Mto Mnyaa ukaunyonya mpaka mto wenyewe ukakatika vipande vipande kama mkia wa mjusi. Mwisho pakabaki kidimbwi kimoja chini ya matete, na wakazi wote wa mto wakasongamana humo: konokono, kaa, viluwiluwi, na wale viroboto wa maji, wadogo kiasi kwamba ukipiga chafya mbele yao umehamisha kijiji kizima.

Na Kambare. Walimwita Mzee Sharubu, ingawa jina hilo si sifa, maana katika nyumba ya kambare hata kichanga kina ndevu. Mlafi huyu alikuwa mlafi tangu yai. Mto ulipokuwa mto, aliishi raha mustarehe: anakula konokono huku kwenye matete, kisha anaogelea mbali, ng'ambo ya miamba, kwenda haja. Ndiyo iliyokuwa hekima ya ukoo wao. Si usafi, la hasha. Wadogo wa majini hawana macho ya maana, lakini wana pua, na maji hayajui kutunza siri. Konokono akivunjwa gamba, ute wake husambaa, na ndugu zake wote huwa wamekwea matete kabla mlaji hajafuta mdomo. Akimezwa mzima, maji hunyamaza, lakini kwa muda tu. Kilichoingia kimya hutoka kikisema, na kikitoka kina harufu ya marehemu.

Basi alipoingia kidimbwini, Kambare alikuwa ananuka mauaji ya msimu mzima. Bi Zongo, mkubwa wa konokono, alitoa pembe zake, akanusa maji mara moja, akawaamuru watu wake juu. Kaa wakaingia mashimoni. Viroboto wa maji nao, ambao wakimnusa adui huzaa watoto wenye vichwa vilivyochongoka ili wasimezeke vizuri, wakaanza kuzaa mikuki mitupu. Wambea walitaka kuuliza baba wa watoto hao ni nani, lakini katika ukoo ule akina mama huzaa bila waume, kwa hiyo umbea haukupata pa kutua.

Kambare akashinda na njaa katikati ya chakula. Alijua kwamba asipopata hila, mvua itamkuta mifupa. Akaanza kula utelezi wa kijani wa mawe. Alikula asubuhi, alikula mchana, alikula huku machozi yakimtoka, na tumbo lake lililozoea heshima likamsuta hadharani. Alipoanza kucheua majani, akawaita wazee wa kidimbwi waje wamnuse.

Bi Zongo aliteremka, akamzunguka kutoka ndevu hadi mkia. Kwa mwendo wa konokono hiyo ni safari ya kufungasha chakula, na Kambare alikaa kimya muda wote kama bwana harusi.

"Unanuka mbuzi," Bi Zongo akasema mwishowe.

"Nimetubu, bibi. Nyama siitaki hata kuisikia."

"Na meno hayo?"

"Ya mapambo tu, bibi."

Bwana Gando, kaa, mwamuzi wa kidimbwi, alikuwa hawezi kwenda moja kwa moja hata kwa maneno. Alianzia kwenye asili ya mawe, akapitia tabia ya tope, akazunguka kwenye malezi ya vijana, na watu walipoanza kusinzia akahukumu kwamba Kambare akae. Bi Zongo hakupenda, lakini pua yake haikuwa na la kupinga.

Aliyefurahi kupita wote ni Kirembe, mdogo wake Bi Zongo, konokono mcheshi aliyependa wageni na kupenda zaidi kusikilizwa. Alizoea kutambaa mgongoni mwa Kambare akila utelezi, akimwita shemeji, akimsimulia habari za wachumba wake. Mchana mmoja, wengine wakiwa wamelala chini ya mawe, alifika kwenye kisa cha mchumba wa mwisho, akiwa karibu kabisa na mdomo. Shemeji akafungua mdomo. Kisa kikaendelea ndani.

Alimmeza mzima, gamba na yote, na maji yakanyamaza. Kambare akatabasamu. Kilichobaki ni haja, na hilo alikuwa amelipanga: atajikokota hadi ukingoni, akamalizie kwenye tope, nje ya maji. Tatizo ni kwamba jua lilikuwa limeoka lile tope. Aliweka tumbo tu, tumbo likakaangika kama kitunguu kwenye mafuta, akarudi majini mbio. Akatazama huku na huku. Ng'ambo ya miamba hapakuwa na maji, na kidimbwi kizima kilikuwa kimepungua hata kutoka mezani hadi chooni ukawa ni urefu wa mkia wake mwenyewe. Akaona bora abane mpaka tope lipoe.

Akabana. Kumbe Bi Zongo alikuwa amemtafuta mdogo wake kila jiwe, asimwone, na kwa kuwa maji hayakuwa na harufu yoyote, wakasema labda amenyakuliwa na ndege. Wakatandika mkeka wa matanga jioni ileile. Na matanga ya konokono yana sheria yake: hakuna kunyanyuka kabla ya neno la mwisho, maana anayeondoka mapema ndiye anayejua marehemu aliko.

Kambare akaketi. Wasemaji walikuwa wengi, na wote walikuwa konokono. Neno likianza asubuhi, nukta yake huja adhuhuri. Kambare akabana mkia. Akajipinda kulia, akajipinda kushoto, na waombolezaji wakanong'onezana kwamba jamani, huyu mzee kweli alimpenda shemeji yake. Ndipo Bwana Gando akasema haifai mwenye majonzi makubwa hivyo anyimwe nafasi, akamwita aseme.

Kambare alisimama kwa tahadhari ya mtu aliyebeba mayai. "Marehemu alikuwa mwema," akasema. "Nimemaliza."

Bwana Gando akamkemea. Matanga si mbio, alimwambia. Aseme kwa kituo, na avute pumzi.

Kambare akafumba macho, akavuta pumzi. "Ndugu zangu," akasema, "Kirembe hatatoka moyoni mwangu."

Na kweli hakutoka moyoni. Alitoka kwingine.

Pembe za Bi Zongo zilisimama. Alinusa mara moja, akanusa tena polepole, kama mtu anayetamani pua yake imdanganye.

"Huyu ni mdogo wangu," akasema.

Hakupiga kelele, wala haikuhitajika. Harufu ilishawafikia wote. Mkeka ukahama wima: konokono juu ya matete, viluwiluwi kwenye majani, kaa mashimoni. Chini, Kambare aliendelea kumsifu marehemu, macho kafumba, tena sasa kwa ufasaha wa ajabu, maana alikuwa amepata nafuu. Alipofika mahali pa kulia alifungua macho ili aone wanaolia naye. Hapakuwa na mtu.

"Bibi," akaita, "kuna kitu nilikula kwa bahati mbaya."

"Tunajua ulichokula. Tumekinusa kwa jina lake."

"Basi shuka tuyazungumze kiutu uzima."

"Zungumza na tumbo lako, shemeji. Siku zote hizi ulikuwa unasema wewe. Leo limesema lenyewe."

Konokono wakavuta vifuniko vya magamba yao, wakafunga milango. Konokono akifunga mlango anaweza kulala juu ya tete ukame mzima, na Kambare hajui kukwea. Alijaribu kurudia utelezi wa kijani, akaapa upya, akaomba anuswe mara ya pili. Hakuna aliyeteremka. Kidimbwi kilikuwa kidogo mno, na harufu ile haikuwa na pa kwenda. Mwishowe, siku ya mawingu, alijikokota nje ya maji, mbavu zikihesabika, akaburura tumbo mchangani kutafuta maji mengine ambayo huenda hayakuwapo. Bwana Gando alimtazama mpaka akatoweka, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuongeza neno.

Bi Zongo alishuka wa kwanza. Akawaita watu wake warudi mkekani, kila mtu mahali pake, kwa sababu matanga ya mdogo wake hayakuwa yameisha. Wakakaa hadi neno la mwisho, na neno hilo alilisema yeye:

Njia ya mwongo ni fupi.