Adui Mpaka Lini?

Ndugu zangu, zamani kulikuwa na falme mbili kubwa, moja kaskazini ya kijito na nyingine kusini yake. Zilichukiana. Kila mfalme alitaka aitwe mkubwa peke yake. Kijito chenyewe kilipita katikati ya kijiji kimoja, basi nusu ya nyumba zilimtii mfalme huyu na nusu zilimtii yule. Lakini wanakijiji walichota maji pamoja na kuzikana pamoja.

Humo waliishi wanawake wawili, Kemilembe upande wa kaskazini na Nyangoma upande wa kusini, marafiki tangu usichana wao. Binti wa Kemilembe alikuwa amechumbiwa na mwana wa Nyangoma, na ndizi za arusi zilikuwa zimeshavundikwa. Ndipo wafalme wakagombania njia ya misafara ya chumvi. Mjumbe wa kaskazini akapita akitangaza kwamba kila mtu wa ng'ambo ni adui. Wa kusini naye akatangaza vivyo hivyo.

Kemilembe akamwita binti yake ndani, akafunga mlango. Nyangoma akaziba kivuko kwa miiba. Wale vijana wakabaki kila mmoja kwao, huyu hataki kuolewa kwingine, yule hataki kuoa kwingine, na miaka inapita. Nawauliza, hao akina mama walikuwa wamekoseana nini? Nani kati yao alikuwa na msafara hata mmoja wa chumvi?

Basi ikainuka dola ya tatu huko mbali, yenye nguvu kuliko zote mbili. Wafalme wakaogopa. Mabalozi wakaanza kwenda na kurudi, matusi yakageuka salamu, salamu zikageuka zawadi. Mwishowe wakapatana wakutane mahali pa katikati. Wapi? Pale pale kijijini.

Wanawake wakaamriwa wapike. Kemilembe na Nyangoma wakapangwa jiko moja, wakapika wamepeana mgongo, mwiko ukihitajika unapitia kwa mtu wa tatu. Wafalme wakala, wakacheka, wakakumbatiana. Mfalme wa kaskazini alipokuja kuwashukuru wapishi, akaona wawili hawa hawatazamani, akauliza kulikoni.

Kemilembe akapiga magoti. "Mtukufu, huyu ni mtu wa adui yako."

Mfalme akacheka. "Adui yupi, mama? Yule ni ndugu yangu."

Kemilembe akamtazama, kisha akasema taratibu, "Tangu lini, Mtukufu? Mbona sisi hukutuambia?"

Nyuma yao Nyangoma akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye maganda ya ndizi. Kemilembe naye akashindwa kujizuia, wakashikana, wanacheka huku wanalia. Siku hiyo hiyo watoto wao wakaitwa, karamu ya wafalme ikageuka karamu ya arusi, na wafalme wenyewe wakaingia ngomani, mmoja wao hajui kabisa kucheza.

Mngependa niishie hapo. Lakini wakubwa mnawajua. Ile dola ya tatu ilipodhoofika, wafalme wale wakaanza tena kutazamana kwa jicho baya. Mjumbe wa kaskazini akaja mbio. Akamkuta Kemilembe kijitoni, sufuria ya uji kichwani, anakwenda ng'ambo kwa binti yake aliyejifungua alfajiri.

"Mama, rudi. Ng'ambo ni adui tena."

"Adui mpaka lini?"

Mjumbe akasema hilo hakuambiwa.

"Basi nenda kaulize kwanza, mwanangu. Mimi nawahi, uji utapoa." Akavuka. Nyangoma alikuwa upande wa pili, amenyoosha mikono ampokee mzigo.

Wapendwa, tunacheka, lakini tunamcheka nani? Hatuna wafalme, ila tuna wakubwa wetu: wa siasa, wa ukoo, hata wa kanisa. Wakigombana, sisi tunaacha kusalimiana. Wakipatana wanakula pamoja, na sisi bado tumenuna, tunalinda ugomvi ambao wenyewe wameusahau. Mungu alipotuamuru tupendane, hakusema tungoje kwanza wakubwa watupe ruhusa.

Wewe unayemkwepa jirani yako kwa sababu ya fulani, umewahi kumuuliza huyo fulani kama bado ana hasira? Usimuulize. Ibada ikiisha, pita kwa jirani yako, bisha hodi. Akikukaribisha chakula, kaa ule.