Ubao Chini ya Kawa

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnajibu kama watu walioshiba? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sogeeni.

Hapo kale, kabla nyanya wa nyanya yangu hajaota meno, palikuwa na kijiji cha wachemsha chumvi. Kutwa vyungu vinatokota, tok-tok-tok, moshi unawaingia watu machoni. Chumvi ikikauka, wanaume huibeba kichwani, wakaenda nayo bara, milimani huko, kuibadilisha kwa mtama. Wengine hurudi. Wengine hukawia.

Watu hawa walipenda sataranji. Msiniulize waliitoa wapi. Kila nyumba ilikuwa na ubao, na mila yao ilikuwa hivi: anayesafiri hucheza na mtu wake ampendaye, na mchezo huachwa katikati. Ubao hufunikwa kawa, hili hili la ukili tunalofunikia chakula. Kete haziguswi. Walisema mchezo usiokwisha humvuta mtu nyumbani.

Lakini mila ile ilikuwa na meno. Aliyebaki haruhusiwi kutoka kijijini mpaka mchezo uishe, kwa kuwa ubao hauachwi na wote wawili. Ikija habari ya kifo, aliyebaki huumaliza peke yake, akicheza pande zote mbili, kisha matanga huwekwa.

Basi katika kijiji hicho alikuwako Bi Mwanamkuu. Nikimtaja huyu moyo wangu hulegea. Watu wa namna yake hawazaliwi tena, au wanazaliwa na sisi hatuwaoni. Alikuwa fundi wa mafumbo ya sataranji, yale ya mwisho, kete zikiwa zimebaki chache. Na katika kete zote alikipenda kitunda, kile kiaskari kidogo kinachokwenda mbele tu, nyuma hakirudi. Kitunda kikipata njia tupu, adui hayuko mbele wala pembeni, kikafika mwisho wa ubao, kinakuwa malkia. Watu walimpangia kete wakamwuliza, "Bi, hiki kinafika?" Yeye hutazama, hutafuna tambuu yake, husema, "Kinafika." Au husema, "Hakifiki." Basi. Hakukosea hata mara moja.

Alikuwako pia msichana, jina lake Hidaya. Mama yake alikwisha kufa. Baba yake, Mbwana, alikuwa mbeba chumvi na mchezaji hodari. Siku ya safari walicheza, wakafika mahali ambapo zamu ni ya baba. Mbwana akautazama ubao kitambo, akaufunika mwenyewe. "Zamu yangu, mwanangu," akasema. "Nitarudi niicheze." Akajitwika mzigo, akaenda.

Masika yakaja, yakapita. Mbwana hajarudi. Hidaya akae.

Vuli ikaja, ikapita. Mbwana hajarudi. Hidaya akae.

Wenzake wakaolewa vijiji vya mbali, wakapanda nazi, wakazaa. Mbwana hajarudi. Hidaya akae. Kila asubuhi alilipangusa vumbi lile kawa, na kila asubuhi alimtamani baba yake, sauti yake, hata harufu ya jasho lake.

Siku moja akaja mbeba chumvi kutoka milimani. "Hidaya," akasema, "huko nimepita kibanda cha watu baki. Ndani amelala mzee, wanasema mguu wake umekufa. Uso sikuuona. Lakini alikuwa akiimba wimbo wetu wa vyungu."

Hidaya akaenda mbio kwa Jumbe, mkuu wa kijiji.

"Jumbe, nipe ruhusa niende. Masika yako karibu. Mto ukijaa sitapita, na mgonjwa hangoji."

"Mchezo wenu umekwisha?"

"Bado."

"Basi umalize."

"Nikiumaliza kwa mkono wangu nimemwekea baba matanga, naye yu hai, anaimba."

"Basi kaa."

"Basi mtume mtu mwingine, Jumbe."

"Nimtume nani? Kila mtu yuko kwenye vyungu, anakimbizana na mvua."

Hidaya akatoka, akaenda kukaa kizingitini kwa Bi Mwanamkuu, akalia. Bi akamwacha alie. Alipotulia, akamwambia, "Sasa twende nikauone huo ubao. Na Jumbe aje."

Wakaenda. Kawa likafunuliwa. Bi Mwanamkuu akainama, akatazama, akatafuna, akatema.

"Mchezo huu umekwisha," akasema.

Jumbe akacheka. "Bi, wafalme wote wawili wazima, hao hapo."

"Wazima, ndiyo. Lakini kitunda cha Hidaya kinafika. Wewe kuwa Mbwana. Zamu ni yako. Cheza kwa mdomo, kete usiguse."

"Namleta mfalme wangu akikimbize."

"Mfalme wako yuko ng'ambo ya ubao. Atakikuta kimekwisha kuwa malkia. Hafiki, Jumbe."

"Basi mfalme simsogezi. Na mimi nina kitunda, nakitia mbio."

"Kitie. Cha Hidaya kinatangulia. Malkia akisimama kwenye ile pembe, anaona kwa mshazari mpaka pembe hii, mlangoni mwa kitunda chako. Kikiingia, kinaliwa. Hakifiki, Jumbe."

Jumbe akajaribu hivi, akajaribu vile, jasho likamtoka. Hakifiki, Jumbe. Hafiki, Jumbe. Mwisho akaketi chini.

"Mila inasema mchezo ukiisha aliyebaki yu huru," Bi akasema. "Haisemi lazima mkono uumalize. Na Mbwana hakufa, ameshindwa tu. Matanga hayawekwi kwa aliyeshindwa."

Jumbe hakuwa mtu mbaya. Akakuna kichwa, akasema, "Aende."

Lakini Hidaya alikuwa bado anautazama ubao. "Bi, baba ndiye aliyenifundisha. Angewezaje kushindwa hivi?"

"Ulimwona alivyotazama kabla ya kufunika?"

"Nilimwona."

"Basi alijua. Alikuachia njia ya kutoka, maana mbele za watu hakuweza kuitaja."

Asubuhi Hidaya akapita kuaga. Kwa Bi Mwanamkuu nako kulikuwa na ubao, kawa lake limekuwa jeusi kwa moshi. Kijiji kizima kilijua: mumewe, Shekuwe, aliondoka wakiwa bado maharusi. Hidaya akasema, "Bi, na wako tuutegue, nawe uwe huru."

Bi akalifunua kawa. Hidaya akainama, akatazama sana.

"Bi, kitunda chako kinafika."

"Kinafika."

"Umejua tangu lini?"

"Tangu siku ile ile. Shekuwe alikuwa hajapita hata kisima."

"Basi miaka yote hii ulikuwa huru."

"Nilikuwa huru. Lakini namtaka, mwanangu. Niliogopa aje asinikute. Wewe ulikaa kwa kuzuiwa, mimi nimekaa kwa kupenda. Usiwaambie, watanionea huruma."

Hidaya akambusu mkono, akashika njia. Akapanda, akashuka, akavuka mto maji yakiwa kifuani. Akakifikia kibanda. Ndani, mzee amekonda, macho ukutani.

"Nani huyo?"

"Ni mimi, baba. Umeshindwa."

Mbwana akacheka, akacheka mpaka akakohoa, machozi yakamtoka. "Umechelewa kuona," akasema. "Nilidhani ungeona mwaka ule ule."

Mvua zilipokatika wakarudi, Mbwana amebebwa machelani. Wakakuta Bi Mwanamkuu amekwisha zikwa. Ubao wake ulikuwa pale pale chini ya kawa, hakuna aliyethubutu kuugusa. Jumbe akamwita Hidaya, maana sasa yeye ndiye aliyekuwa akijua vitunda kuliko wote.

"Tazama, mwanangu. Wa Bi umekwisha? Tuuondoe?"

Hidaya akalifunua kawa, akatazama, akalirudisha taratibu.

"Bado," akasema. "Uacheni."

Basi, wanangu, anayengoja kwa kufungwa, mfungueni. Anayengoja kwa kupenda, msimguse. Nami mzigo wa hadithi yangu nimeutua hapa.