Reale ya Bi Mwanashee

Bwana Maawia alikuwa tajiri, na tajiri akipenda kitu chako, kwanza hukitukana. Aliigeuzageuza reale ya Bi Mwanashee, sarafu ya kale ya fedha, akaona herufi moja imepigwa kichwa chini. Miaka kumi alikuwa akiisaka ya namna hiyo! Akakunja uso.

"Bandia hii. Chukua shilingi mia tano uniachie, au twende polisi."

"Haya, Bwana. Lakini sikupi kitu cheusi hivi."

Bi Mwanashee akaichukua, akaingia jikoni, akampa mgongo. Akatia ndimu na majivu, akaanza: kwaru, kwaru!

Maawia akaruka. "Usisugue! Ikisuguliwa haina thamani!"

"Kwani bandia ina thamani?"

"Elfu kumi!"

Kwaru, kwaru. "Weusi umeng'ang'ana, Bwana."

"Hamsini! Laki! Hii hapa, mama yangu, acha!"

Bi Mwanashee akaipokea laki, akafungua pindo la leso. Reale ikatoka na weusi wake wote.

Maawia akaduwaa. "Sasa ulikuwa ukisugua nini?"

"Kijiko, Bwana. Kaa unywe chai, kimeshatakata."