Nani Atamsindikiza Dada Huyu?

Wapendwa, kaeni vizuri, maana habari hii inawahusu hata nyie mliokaa karibu na mlango ili mtoke mapema.

Kulikuwa na mama mmoja, katibu wa kikundi cha akina mama katika kanisa fulani. Msiniulize kanisa gani. Huyu alikuwa katibu kwelikweli. Ukifiwa, utamkuta jikoni kwako, daftari kwapani, anapanga zamu za kuchota maji. Ukilazwa, yeye atajua jina la nesi wa wodi yako kabla hujalijua wewe. Kwa ajili ya wengine hakuwa na mfano.

Siku moja akiwa anaoga, vidole vyake vikakuta kitu kwenye titi. Kigumu, kiasi cha harage. Hakiumi. Akajiambia, "Kitaondoka chenyewe," akajifuta maji, akaenda kumtazama mzazi mpya wa mtaa wa pili. Mwezi ukapita, na wa pili nao ukapita. Harage liko pale pale. Sasa akaanza kuogopa. Akifikiria kukatwa titi, anashika daftari na kutoka kwenda kwa mgonjwa mwingine. Alitamani kumwambia mtu, lakini amwambie nani? Si yeye ndiye huwa anaambiwa?

Kikundi kile kilikuwa na kisanduku cha maombi. Unaandika shida yako bila jina, Alhamisi inasomwa, mnaomba. Mama yetu akachukua kipande cha karatasi, akaandika kwa mkono wa kushoto ili mwandiko wake usijulikane: "Mwombeeni dada yenu mmoja mwenye uvimbe kwenye titi tangu Pasaka. Anaogopa. Naomba kuwasilisha."

Alhamisi ikafika. Mwenyekiti, mama mnene mwenye sauti ya kuitia watu shambani, akaisoma karatasi ile mpaka neno la mwisho. Akina mama wakatazamana. Katibu hakuwaona, maana alikuwa amefumba macho, anajifanya ameshaanza kuomba.

Wakaomba kwa machozi. Walipomaliza, mwenyekiti akasema, "Tumeomba, amina. Sasa dada huyu aende hospitali. Nani atamsindikiza?"

Wote kwa mpigo: "Mama Katibu!"

"Jamani, lakini hatumjui ni nani!"

"Wewe utampata," mwenyekiti akasema. "Jumatatu asubuhi umpeleke, na usimwache mpaka aonane na daktari. Andika kwenye daftari."

Angefanyaje? Tangu awe katibu hajawahi kukataa zamu. Akaandika.

Jumatatu hiyo akaamka, akavaa vizuri, akachukua chupa ya uji aliyoletewa na mwenyekiti. "Uji wa mgonjwa huu," aliambiwa, "usije ukaunywa wewe." Akafika hospitali ya mkoa, akasimama dirishani.

"Nimemsindikiza mtu," akamwambia nesi. "Ana uvimbe kwenye titi."

"Yuko wapi?"

Mama yetu akageuka, akatazama nyuma yake. Wapendwa, alitazama kweli! Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Ni mimi."

Nesi akatabasamu. "Basi mgonjwa akae kwenye benchi lile, na msindikizaji wake akae hapo hapo naye."

Mnacheka. Hata yeye alicheka, akakaa, akamimina uji, akanywa kikombe cha mgonjwa.

Daktari akampapasa, akampiga picha, akachukua kinyama kidogo kwa sindano kwenda kupimwa. Baada ya wiki mbili akamwita. "Mama, ni saratani. Lakini ni ndogo, na haijasambaa. Tutaitoa kwa upasuaji, kisha utapata dawa. Umekuja wakati tunaweza kukusaidia sana."

Akarudi nyumbani analia, lakini mzigo wa miezi ile ulikuwa umepungua nusu. Alhamisi akasimama mbele ya kikundi, daftari mkononi, akatoa taarifa. "Dada yule nilimpata. Amekutwa na saratani, ya mwanzo. Atafanyiwa upasuaji tarehe kumi na nne. Daktari ana matumaini. Naomba kuwasilisha."

Akakaa. Mwenyekiti akavua miwani.

"Ahsante, Mama Katibu. Sasa tarehe kumi na nne tumchague msindikizaji mwingine. Maana siku hiyo wewe utakuwa kitandani."

Daftari likaanguka chini.

"Mlijua?"

"Mama, katika kikundi hiki chote, nani mwingine anamwandikia Mungu 'naomba kuwasilisha'?"

"Mbona hamkuniambia?"

"Tungekuambia uende, ungesema una kazi nyingi. Lakini kumsindikiza mwenzako hujawahi kukataa hata siku moja."

Akalia, akacheka, akalia tena. Na alipoinua macho, mikono yote ilikuwa juu. Kila mama anaitaka zamu ya tarehe kumi na nne. Akapasuliwa, akanyweshwa uji mpaka akaomba wamhurumie, nywele zikanyonyoka kwa dawa, wakamfunga vilemba vya kila rangi. Zikaota tena. Yuko hai, na daftari bado analo.

Sasa tuje kwetu. Sisi tunajua njia ya hospitali kwa ajili ya watu wangapi? Na kwa ajili yetu wenyewe je? Mungu akupe mikono ya kumbeba kila mtu, halafu mwili wako mmoja aliokukabidhi uuache uhangaike peke yake bafuni? Na nyie akina baba msiniangalie hivyo, nanyi mna mambo yenu mnayoyaficha, na wake zenu wanayajua.

Leo manesi wako kwenye chumba cha darasa la Jumapili mpaka saa nane mchana, wanapima matiti. Mtu asije akaniambia anampeleka jirani yake. Mpeleke jirani, ndiyo. Ukishamfikisha, kaa kwenye benchi lile lile.

Naomba kuwasilisha.