Ndege wa Mti Mbichi

Fumbeni macho kidogo, wanangu. Uoneni mkuyu mnene kando ya kijito. Katikati ya shina pana shimo la mviringo, na mlangoni pametundikwa pazia dogo la ukili. Mmeliona likitikisika? Humo ndimo alimokaa Mama Kindi na wanawe wawili, hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wakipigiana hodi.

Asubuhi moja nyumba ikayumba. Ndi! Ndi! Ndi!

"Nani huyo anatikisa nyumba yangu bila hodi?"

"Mimi, Kifaru! Toa vyombo vyako. Kitanda changu kimevunjika, na mkuyu huu nauangusha nichonge kingine."

"Pole, kaka. Kimevunjika mara ngapi?"

"Mara ya tano," akasema Kifaru kwa uchungu. "Vitanda vya siku hizi si imara."

Nyuma ya pazia, kitinda mimba akanong'ona, "Mama, tutalala wapi?"

Kindi akatazama huku na huku, jicho likatua kwenye mti wa jirani, mlangoni kwa Shangazi Kigogota, yule fundi mwenye mdomo mkali. Hapo alining'inia ndege wa mti, mabawa yamekunjuka kama kipepeo. Mwili na mabawa vyote vilitoka katika kipande kimoja, bila gundi wala msumari.

"Sawa, kaka," akasema Kindi. "Lakini nasikitika. Nguvu zote hizo, na ndege kama yule huwezi kumchonga."

"Nani hawezi? Mimi?"

"Wewe."

"Nipe siku nne, kisha tushindane kuchonga! Nikishindwa na wewe, kaa na mti wako mpaka uote mvi!"

Shangazi Kigogota akatoa kichwa mlangoni. "Mimi nafundisha bure. Anayetaka kujifunza aje, mkubwa na mdogo."

"Nifundishwe na kindege?" Kifaru akacheka mpaka vumbi likatimka. "Loo!" Akaenda zake kulala chini.

Sasa niwaambie siri. Kindi alikuwa hajawahi kuchonga hata mwiko!

Siku ya kwanza alikwenda kwa Shangazi na kijiti alichookota jikoni, kikavu, kizuri. Akakichonga, akaanza kukipasua mabawa. Katu! Bawa likakatika. Katu! La pili. Katu-katu-katu!

"Ko-ko-ko-ko!" Shangazi alicheka akashika mbavu. "Mwanangu, unachonga kuni! Nenda kalete tawi lililokatwa sasa hivi."

Kindi akaleta. Shangazi akamwambia alikwangue, kisha aguse.

"Lina maji, Shangazi!"

"Ehee! Mti wenye maji unakubali kukunjwa. Uweke kwenye unyevu mpaka umalize kazi. Na taratibu, kisu kikimbie mbali na kidole."

Siku ya pili alimaliza ndege mwenye bawa moja. Siku ya tatu wanawe walimtazama ndege wake, wakasema, "Mama, chura mzuri!" Wakacheka wote watatu, mama akicheka kuliko wote. Siku ya nne alichonga tena, na safari hii wanawe wakaita, "Ndege! Ndege!"

Siku ya mashindano Kindi aliamka mapema. Akaviringisha gogo kavu, kubwa, mpaka uwanjani, akalikalia. Kando yake akaweka kijitawi kibichi, kimefungwa kwa jani la mgomba lililolowa.

Kifaru akaja na tezo yake. Wanyama wote walikwisha kukusanyika.

"Gogo gani hilo?"

"Kaka, niachie gogo langu!" Kindi akalikumbatia. "Limeanikwa juani miaka mitatu. Halina hata tone la maji. Gumu kama pembe yako!"

"Na hicho kwenye jani?"

"Ah, hicho? Kinachuruzika maji. Hata kuni hakifai."

Sikilizeni vizuri, wanangu: hakusema uongo hata neno moja.

"Shuka hapo!" Kifaru akanguruma. "Kitu kigumu ni cha mwenye nguvu. Wewe chukua hicho kinachokulilia."

Kindi akashuka taratibu, kichwa chini, akificha tabasamu kwa mkia.

Kazi ikaanza. Gwa! Gwa! Tezo ya Kifaru ikadunda kwenye gogo kama kwenye jiwe. Jasho likamtiririka. Adhuhuri akapata kitu chenye mdomo. Akaanza kupasua mabawa. Katu!

"Ala!"

Katu! Katu! Akakasirika, akabana kwa nguvu zote. Kacha! Ndege mzima akapasuka vipande viwili.

Kindi alikuwa akipasua kijitawi chake, chwi, chwi, chwi, vibapa vyembamba kama maganda ya kitunguu, vyote vimeshikana shinani. Kisha akavigeuza kimoja kimoja, hiki kikishika kingine. Bawa likafunguka upande huu. Bawa likafunguka upande ule.

"Yuleee!" wanyama wakapiga kelele. "Anaruka!"

Kifaru akatazama vipande vyake. Akamtazama yule ndege. Akatazama lile jani la mgomba, maji yakidondoka, do, do, do. Kidogo kidogo akaelewa, na wanyama wakasogea nyuma, wakidhani atapandisha hasira.

"Kumbe ni maji!" akapasuka kwa kicheko. "Umeniweza, Mama Kindi! Mti ni wako." Kisha akainamisha pembe, akasema kwa sauti ndogo, "Shangazi Kigogota... bado unafundisha bure?"

"Bado. Kaoshe mikono kwanza."

Yule ndege akatundikwa juu ya pazia la ukili, na watoto wa Kindi wakalala nyumbani kwao.

Basi, wanangu, nguvu hazishiki nafasi ya kujifunza. Na mkienda kulala, naomba mkumbuke jambo moja tu: Kifaru alikuwa na siku nne nzima za kuuliza.