Kibuyu cha Mkuu wa Usalama

Msiniulize ulikuwa mwaka gani. Mito yote ya Nyika ilikauka, kikabaki kisima kimoja tu, nacho kilikuwa cha Mfalme Simba. Ikazuka tetesi kwamba mbwa mwitu wa ng'ambo wanapanga kukivamia. Simba akatangaza hali ya hatari, akamteua Fisi kuwa Mkuu wa Usalama.

Fisi aliandika sheria siku hiyohiyo, kabla hata ya kula, jambo ambalo peke yake lingetosha kuwashtua wenye akili. Mshukiwa atiwe pangoni bila mashtaka, bila wakili, mpaka vita viishe. Ushahidi ufungiwe ndani ya kibuyu, mdomo uzibwe kwa nta, asiuone yeyote.

Wa kwanza kukamatwa alikuwa Ngiri, eti anashirikiana na adui. Wakafuata Kanga na dada zake. Jamaa zao walipouliza waliko, Fisi alijibu, "Wamehamishiwa mahali pa siri," huku akichokoa meno.

Sungura aligundua jambo: maadui wote wa nchi walikuwa wanene. Swala mgonjwa, mbavu nje, ndiye aliyesifiwa kuwa mzalendo. Sungura akacheka, maana yeye hucheka kwanza. Lakini alipokamatwa Pimbi, jirani yake wa miaka mingi, kicheko kilimkauka. Pimbi alikuwa ahamishwe kesho yake mchana, na Sungura alimpenda sana yule mnene mwoga.

Asubuhi akaenda barazani. Pimbi alikuwa amefungwa kamba pembeni, na Fisi amesimama karibu na Simba, kibuyu kwapani.

"Hapa hakuna wakili!" Fisi akafoka.

"Wakili nani, Mkuu? Nimekuja kukupongeza tu." Sungura akapiga magoti mbele ya Simba. "Shikamoo, Mfalme."

"Marahaba. Sema."

"Namshukuru Mkuu wa Usalama. Siri zote za nchi anazijua yeye peke yake. Hata wewe, Mfalme, hakukusumbua nazo."

Simba akainua sikio. "Peke yake?"

"Ni kwa usalama wako, Mtukufu," Fisi akadakia. "Yaliyomo humu ni mazito mno kwa..."

"Kwa nani?"

Fisi akakibana kibuyu zaidi kwapani.

"Msamehe, Mfalme," Sungura akasema kwa upole. "Labda anaona siri nyingine zinataka vichwa vikubwa."

Lo! Simba angevumilia njaa na kiu, lakini si kudharauliwa mbele ya Twiga na wanyama wengine waliojaa barazani. Akanyakua kibuyu, akakipasua juu ya jiwe. Zikamwagika chumvi, pilipili, ndimu mbili na kitunguu.

Pimbi akazitazama zile ndimu, akazimia.

"Ni... ni vifaa vya kuhojia washukiwa," Fisi akasema.

"Kuwahoji au kuwachoma?" Simba akauliza.

Kabla Fisi hajajibu, tumbo lake likanguruma.

Pimbi akafunguliwa. Simba, ambaye hajawahi kukiri kwamba alidanganywa, akaamuru, "Mtieni huyu pangoni!"

"Kwa kosa gani, Mfalme?"

"Sheria yako haiulizi kosa."

"Basi nipeni wakili! Sungura, ndugu yangu, nitetee!"

"Ningekutetea, Bwana Fisi," Sungura akasema, akimpepea Pimbi kwa sikio, "ila sheria ni yako, na imenikataza."

"Nitakaa humo mpaka lini?"

"Mpaka vita viishe," Simba akanguruma.

"Lakini hakuna vita, Mfalme!" Fisi akalia. "Hao mbwa mwitu niliwazusha mimi!"

Akaziba mdomo kwa mikono miwili, lakini maneno yalikwisha toka.

"Ahsante, Mkuu," Sungura akasema. "Sasa tuna mashtaka."

Wakamhukumu palepale, hadharani, na mjane wa Ngiri ndiye aliyetoa ushahidi wa kwanza. Fisi alilia njia nzima hadi pangoni, asipate wa kumfariji. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.